Kwa nini redio ya ng'ambo ya bonde inasikika neno kwa neno asubuhi ya Krismasi tu?

#1 Mshare, 25 Desemba, saa 3:10 asubuhi

Wakuu, heri ya Krismasi. Nipo nyumbani Kibosho, nimekaa barazani nangoja chai, na kuna jambo linanisumbua mwaka wa tatu sasa.

Ng'ambo ya bonde letu kuna jirani. Kwa macho ni hapo tu, unaona moshi wa jiko lao ukipenya kwenye migomba. Kwa miguu ni karibu nusu saa: unateremka mpaka kijitoni, unavuka kwenye magogo, unapanda umeshika mizizi. Leo tangu saa kumi na mbili nimesikiliza kipindi chote cha Krismasi kwenye redio yao. Ya kwetu sikuiwasha. Nimesikia kwaya, salamu za watu wa Siha na Rombo, muuguzi mmoja aliyetoka zamu ya usiku wodi ya wazazi akisimulia mapacha waliozaliwa kabla jogoo hajawika, mzee wa kahawa, na tafakari mpaka mwisho. Neno kwa neno. Hata mtangazaji alipogeuza karatasi nimesikia.

Pasaka nilikuja, sikusikia kitu. Agosti nilikuja msibani nikalala siku tano, sikusikia kitu. Krismasi ya mwaka jana na ya mwaka juzi nilisikia hivi hivi. Kwa nini Krismasi tu? Mambo ya Mungu nayaamini, ila hapa naomba sababu ya kidunia.

#2 Njiapanda, saa 3:16

Wameongeza nguvu ya mtambo. Siku za kawaida stesheni za Moshi mjini zinapotea ukiingia mabondeni, maana FM ikikutana na mgongo wa kilima inakatika. Leo huku Himo inashika vizuri hata ndani ya gari.

#3 Chalii wa Sakina, saa 3:19

Namba 2 hujasoma swali aisee. Haulizi redio yake inashikaje. Anaulizia sauti inayotoka kwenye spika ya jirani na kuvuka bonde. Hiyo ni hewa, sio mtambo.

#4 Njiapanda, saa 3:21

Nimeelewa. Ila spika ikitoa mkwaruzo, atakachosikia ni mkwaruzo. Kwa hiyo mtambo siuondoi.

#5 Kata ya Mbege, saa 3:25

Krismasi njema wadau. Jibu ni sabufa. Kijana wa ng'ambo katoka Kariakoo na sabufa mpya, kaiweka dirishani ili kijiji kizima kijue amerudi. Huku kwetu Uru ziko tatu, zinashindana tangu jana jioni.

#6 Mshare, saa 3:28

Hapana mkuu. Ng'ambo anakaa bibi mmoja na mjukuu wake wa darasa la tano. Umeme hawajavuta. Sabufa wataichomeka wapi?

#7 Fundi Sauti, saa 3:41

Nafunga spika kwenye harusi na mikutano, Arusha na Moshi, kwa hiyo hili nimelipigania sana.

Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, lakini mwendo huo unategemea joto. Digrii moja ikiongezeka, sauti inaongeza kama mita 0.6 kwa sekunde. Mchana jua likipiga, hewa ya karibu na ardhi ndiyo ya moto, ya juu ni ya baridi. Sauti ikitoka kwenye spika, upande wa chini unakimbia kuliko wa juu, basi wimbi zima linapinda kwenda mawinguni. Ndiyo maana mkutano wa saa nane mchana unaufungia spika kumi na waliokaa nyuma bado wanalalamika.

Alfajiri ni kinyume. Usiku usio na mawingu ardhi inapoa, hewa baridi inateremka toka mlimani na kutuama bondeni kama maji kwenye beseni, na juu yake kunabaki hewa yenye joto zaidi. Sauti ikijaribu kupanda inapindishwa kurudi chini. Jua likishapanda, kwenye saa tatu hivi, beseni linavurugika na mchezo umekwisha.

Mleta uzi, hebu tega sikio sasa hivi. Bado unaisikia?

#8 Mshare, saa 3:48

Imefifia. Muziki naupata, maneno siyashiki tena. Mkuu, umenishangaza.

#9 Dereva wa Usiku, saa 3:55

Fundi uko vizuri. Ila alfajiri ziko 365. Swali lilikuwa Krismasi.

#10 Fundi Sauti, saa 4:07

Angalia siku alizotaja. Pasaka inaangukia masika. Mawingu ni blanketi, ardhi haipoi kama inavyotakiwa, na mvua ikipiga majani ya mgomba humsikii hata aliye chumba cha pili. Halafu kijito kinajaa, na maji yanayogonga mawe yanafunika kila sauti ndogo. Agosti mnaijua wenyewe, Juni mpaka Agosti mlima unajifunika siku nzima, baridi na ukungu mpaka mashambani. Mwisho wa Desemba vuli inakatika, usiku unaona nyota. Hii ni hali ya hewa, imekutana tu na sikukuu.

#11 Tarumbeta, saa 4:15

Vuli ya wapi iliyokatika? Huku Machame imenyesha mpaka tarehe 23, na kijito chetu kinanguruma.

Mimi nasema ni ukimya. Leo mashine ya kusaga imelala, bodaboda zimelala, msumeno wa kupasua mbao umelala. Huku kipimo chetu ni matarumbeta ya kanisani. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani 1893, na upigaji wa tarumbeta ni urithi tuliobaki nao sisi Walutheri. Jumapili ya kawaida kutoka nyumbani siyasikii. Krismasi nayasikia kama wanapiga uani kwetu, na wapigaji ni wale wale, mlima ule ule.

#12 Kata ya Mbege, saa 4:18

Ukimya wa Krismasi Kilimanjaro? Huku mbuzi wanalia tangu saa kumi usiku na mashemeji wanabishana nani achune.

#13 Ng'wana Mwanza, saa 4:30

Nyie Wachaga mkishamaliza kwenda kwenu Krismasi kuhesabiwa mnatafuta maneno. Huku kwetu alfajiri tunawasikia wavuvi wakipiga soga katikati ya ziwa kama wamekaa sebuleni. Tunawasikia Machi, tunawasikia Oktoba. Namuunga mkono Fundi.

#14 Mama Kihamba, saa 5:02

Heri ya sikukuu wanangu. Mimi naishi Kibosho hii hii mwaka mzima.

Redio za ng'ambo tunazisikia Januari. Tunazisikia Mei mvua ikipumzika. Tunazisikia Jumanne isiyokuwa na jina. Natoka saa kumi na mbili kasoro kukata majani ya ng'ombe, nasikia taarifa ya habari inasomwa upande wa pili, nikirudi na mzigo kichwani nimeshajua mambo yote ya serikali.

Mwanangu Mshare, Pasaka ulifika lini? Bila shaka Ijumaa usiku, Jumatatu ukawa barabarani. Msibani ulikuwa na wafiwa, wageni na sufuria. Krismasi ndiyo siku pekee unayoamka saa kumi na mbili, ukavuta kiti, ukakaa barazani bila mtu kukuita. Redio haijabadilika. Ni wewe ambaye huwa haupo.

#15 Mshare, saa 5:20

Shikamoo mama. Nimelisoma hilo mara mbili, na la Pasaka umenipata, nilifika Ijumaa saa tano usiku.

Ila la Agosti naomba nijitetee. Siku zote tano niliamka saa kumi na moja kuchota maji ya wageni, nikakaa kwenye jiwe kule nyuma ya nyumba, peke yangu. Kimya kabisa. Ningeisikia.

#16 Mama Kihamba, saa 5:26

Marahaba mwanangu. Je, Agosti bibi alikuwepo? Hukuuliza.

#17 Mwalimu Mstaafu, saa 6:40 mchana

Nawasalimu. Nimetoka misa ya pili, nimesoma yote. Mmesahau betri.

Miaka ya sabini redio yetu ilikuwa Philips, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapo Arusha, na betri zilikuwa National. Betri zikichoka hatukuzitupa, tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Kwa hiyo mwaka mzima redio iliongea kwa sauti ya mgonjwa. Malipo ya kahawa yakitoka chamani (sisi tulikuwa chini ya KNCU, umoja ule wa vyama vya ushirika vya kahawa Kilimanjaro, wa mwaka 1933), baba alinunua vitu vitatu bila kukosa: nguo za Krismasi, chumvi ya ng'ombe, na betri mpya. Nyumba zote ziliweka betri mpya wiki moja. Asubuhi ya Krismasi kila redio ya mlimani ilipata pumzi kwa pamoja. Ndiyo maana nasema inasikika mbali kwa sababu mwenye nayo ameilisha.

Na niwaongezee. Walutheri walikuwa na studio hapa Moshi, Sauti ya Injili. Kwaya zilirekodiwa, kanda zikasafirishwa hadi Addis Ababa, ambako kilikuwepo kituo chao kikubwa kilichoanza 1963, kisha zikaturudia kwa masafa mafupi. Mimi ni Mkatoliki, lakini tulisikiliza wote. Asubuhi moja nimemsikia shangazi yangu aliyeolewa Machame akiimba kutoka Ethiopia, na yeye mwenyewe yuko jikoni kwetu anamenya ndizi za mtori. Aliacha kisu akakaa chini. Sauti yake ilitoka hapa, ikazunguka mpaka Uhabeshi, ikarudi kumkuta na mikono yenye utomvu.

#18 Chalii wa Sakina, saa 6:52

Mwalimu shikamoo. Kile kituo si kilifungwa 1974 mfalme alipopinduliwa?

#19 Mwalimu Mstaafu, saa 7:05

Marahaba. Haile Selassie alipinduliwa 1974, hapo uko sahihi. Kituo kilitaifishwa 1977. Ile miaka mitatu ya katikati tuliendelea kukisikiliza.

#20 Njiapanda, saa 7:09

Mwalimu, na usiku? Babu alikuwa akishika stesheni za mbali sana, jua likichomoza zinakufa. Si hewa baridi ile ile ya Fundi?

#21 Fundi Sauti, saa 7:30

Hapana, hapo ni kitu kingine, msivichanganye. Mawimbi ya kati mchana yanamezwa na tabaka moja la anga ya juu ambalo jua hulitengeneza. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanafika juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Babu alipozipoteza asubuhi, jua lilikuwa limerudisha lile tabaka. Anga hiyo iko kilomita nyingi juu yetu. Mimi nazungumzia hewa ya bondeni, unayoweza kuigusa.

#22 Nipo Mbagala, saa 8:15

Mimi sijaenda. Mara ya mwisho ni Krismasi ya 2019, treni ya Moshi ilipofufuliwa ule Desemba, nikapanda. Leo nimesikiliza kipindi kwa intaneti, nimekaa kitandani.

Kuna kitu kimetokea. Mama kanipigia katikati ya salamu, redio yake inaongea nyuma yake. Kwenye simu nikasikia ukoo wetu unatajwa, watu wa Kirua. Nikaendelea kuongea na mama. Baada ya karibu dakika nzima programu yangu nayo ikautaja. Nimesalimiwa mara mbili. Mara ya pili nilishindwa kuongea, mama akadhani simu imekatika.

#23 Dereva wa Usiku, saa 8:40

Pole sana ndugu yangu. Tutakubeba mwakani.

Nami nina sababu yangu. Nimepandisha abiria usiku kucha, saa kumi na mbili nikawa natoka Himo kwenda Mwika. Kila kibanda cha chai, kila ua, kila gari lililoegeshwa, kipindi ni kimoja. Siku nyingine huyu yuko kwenye mpira, huyu bongofleva, huyu habari. Leo wote stesheni moja. Redio ishirini zikisema neno moja zinakuwa redio moja kubwa.

#24 Fundi Sauti, saa 8:52

Ingekuwa kinyume. Redio zilizo mbali mbali hazikufikii kwa wakati mmoja. Ya mita 340 inachelewa sekunde moja, ya mita 680 sekunde mbili. Maneno yangepandana kama kanisa lenye mwangwi. Mshare anasema alisikia neno kwa neno, maana yake alisikia redio moja.

Hapo hapo nina kazi kwako Mshare. Kesho washa ya kwenu kwa sauti ndogo, stesheni ile ile, uhesabu ya ng'ambo inachelewa kiasi gani. Utajua upana wa bonde bila kamba.

#25 Tarumbeta, saa 9:10

Kuna ambalo hamjaligusa. Maneno ya Krismasi tunayajua. Hori, wachungaji, Bethlehemu, Kaisari Augusto kutaka watu waandikwe. Ukisikia nusu, sikio linamalizia lenyewe. Habari za bungeni huwezi kuzimalizia.

#26 Mshare, saa 9:18

Hii ilikaribia kunishawishi. Ila mapacha wa yule muuguzi sikuwajua, na nimesikia kwamba wa kwanza ni wa kike na alitangulia kwa dakika chache tu.

#27 Kata ya Mbege, saa 9:22

Wa kwanza ni wa kiume. Nilikuwa karibu na redio.

#28 Nipo Mbagala, saa 9:30

Ni wa kike. Kwenye intaneti ilikuwa safi.

#29 Tarumbeta, saa 10:05 jioni

Jamani tumejadili hewa tu, tafakari tumeiacha. Mimi imenikaa. Yule mchungaji wa kwenye kipindi alisema Bethlehemu watu walijaa hadi vyumba vikakosekana, na huku kwetu vyumba vimejaa hadi watu wakakosekana. Nyumba ya vigae, geti la chuma, vyumba sita, ufunguo uko kwa mlinzi kuanzia Januari mpaka Desemba.

#30 Mwalimu Mstaafu, saa 10:12

Alikuwa padre, sio mchungaji. Mengine umeyanukuu vizuri.

#31 Nipo Mbagala, saa 10:40

Mimi tafakari ile imeniumiza, naomba niseme. Sikufunga nyumba kwa kiburi. Kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, kimegawanywa kwa ndugu watano, kilichonifikia ni migomba minane na upande wa makaburi. Kahawa iling'olewa na marehemu baba kwa hasira ya bei. Nikirudi nitakaa wapi, nitalima nini, watoto nitawasomesha kwa kitu gani? Anayesema turudi atuambie na hilo. Na mdogo wangu hatuongei kwa ajili ya mpaka, huu mwaka wa nne.

#32 Mama Kihamba, saa 11:15

Mwanangu, sikumsikia padre akisema mrudi. Nilimsikia akisema nyumba iwashwe moto hata na mtu baki. Mimi mwenyewe nina funguo za nyumba tatu za watu. Napitia Jumamosi, nafungua madirisha, nawasha jiko, nafunga. Si vibaya, ila nyumba isiyo na mtu inaoza kuanzia jikoni.

La mdogo wako ni jepesi kuliko migomba minane. Unajua isale linafanya nini. Mchaga akiletewa jani la isale la kuombwa msamaha haruhusiwi kukataa. Huwezi kuja, mpe mama alipeleke kwa niaba yako. Mwaka mpya usiwakute hivyo.

#33 Nipo Mbagala, saa 11:31

Haika mama. Nitampigia leo.

#34 Mshare, 26 Desemba, saa 7:45 mchana

Wakuu, nimevuka. Nimechukua nyama, sukari na majani ya chai, nikateremka. Nimefika nimelowa mpaka magotini.

Bibi ananijua kuliko ninavyomjua, amenitajia jina la babu yangu. Redio ni ndogo, ya betri, yenye kisola kidogo pembeni. Na haikai ndani. Inaning'inizwa kwenye mparachichi ulio ukingoni kabisa mwa bonde, imetazama kwetu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili ya tumbili. Wanapanda kutoka mtoni alfajiri kula ndizi na parachichi. Wakisikia watu wanaongea wanarudi. Kila siku inawaka tangu saa kumi na moja mpaka mjukuu aamke.

Kila siku. Mama Kihamba, nimekukumbuka.

Nikamuuliza Agosti. Redio ilikuwa kwa fundi Moshi mjini, swichi ilikufa. Nikamuuliza Pasaka. Akanishangaa: redio yake haiwashwi tangu Alhamisi Kuu jioni mpaka mkesha uishe, na Jumapili ile mvua ilinyesha mpaka adhuhuri.

Kabla sijaondoka nikamuuliza kama naye huwa anaisikia redio yetu. Akasema hajawahi hata siku moja. Sisi wenyewe ndio anaotusikia, tukicheka, na ni Krismasi tu.

#35 Kata ya Mbege, saa 7:58

Tumbili! Hakuna hata mmoja aliyewataja. Sabufa yangu naiondoa.

#36 Ng'wana Mwanza, saa 8:03

Huku tunawafukuza nyani kwa redio ile ile. Ila wakishazoea stesheni moja wanaipuuza, mwambie bibi awe anabadilisha.

#37 Chalii wa Sakina, saa 8:10

Basi uzi umekwisha. Redio iko nje kila siku, mleta uzi hayupo, Agosti ilikuwa kwa fundi, Pasaka bibi alifunga. Mama Kihamba kashinda.

#38 Fundi Sauti, saa 8:34

Haujaisha. Redio ndogo ya betri ikavuka bonde neno kwa neno, na mliona ilivyofifia saa 3:48 wakati haijazimwa. Hilo tumbili hawalielezi. Na kwa nini yeye hawasikii redio yenu? Mshare, kwao na kwenu wapi ni juu zaidi?

#39 Mshare, saa 8:50

Kwao ni juu kidogo.

#40 Fundi Sauti, saa 8:57

Usiku na alfajiri upepo mwepesi unashuka toka mlimani, mchana unapanda. Sauti inayokwenda na upepo inafika, inayopambana nao inainuliwa juu. Yeye ana upepo, ninyi hamna. Pia ya kwenu iko ndani ya kuta, ya kwake iko mtini.

#41 Tarumbeta, saa 9:05

Lakini vicheko vyao vinafika kwake, na vinapanda upepo huo huo.

#42 Dereva wa Usiku, saa 9:08

Vicheko ni vya jioni, mbege imeshakolea, upepo umeshageuka. Na watu thelathini wakicheka sio redio.

#43 Mshare, 27 Desemba, saa 2:20 asubuhi

Nimefanya kipimo. Saa kumi na mbili na nusu nimewasha ya kwetu kwa sauti ndogo. Neno likitoka kwetu, la kwao linafuata baada ya zaidi kidogo ya sekunde moja. Nimerudia mara nyingi kwa saa ya simu. Kwa hesabu ya Fundi bonde ni kama mita 400. Nusu saa ya kutembea, mita 400!

Ila leo maneno siyashiki vizuri. Nilipata muziki na sauti ya mtangazaji bila kumwelewa. Mawingu yalikuwepo tangu usiku.

#44 Fundi Sauti, saa 2:26

Mawingu. Nilisema.

#45 Tarumbeta, saa 2:31

Na bodaboda? Mashine ya kusaga?

#46 Mshare, saa 2:40

Zimerudi zote mbili. Mashine ilianza saa kumi na mbili na robo.

#47 Tarumbeta, saa 2:41

Nami nilisema.

#48 Mwalimu Mstaafu, saa 3:15

Muulize bibi aliweka betri lini. Nina hakika ni wiki ya Krismasi, na zimeanza kuchoka.

#49 Mshare, saa 1:10 usiku

Mwalimu, nimemuuliza mjukuu wake njiani. Betri mpya ziliwekwa tarehe 24. Kisola hakichaji vizuri wiki za mawingu.

Kesho saa kumi na moja naondoka, basi la asubuhi. Mama Kihamba, nimekuandikia faragha, nadhani tunaongea na mtu wa juu ya zahanati. Kama ni wewe, naomba nikuombe kitu.

#50 Mama Kihamba, 29 Desemba, saa 2:05 asubuhi

Ni mimi, na wewe ni mtoto wa rafiki yangu. Nimekubeba mgongoni.

Ulichoomba nimefanya. Mama yako aliniita tusaidiane ndizi za mbege ya Mwaka Mpya, nikafika saa kumi na mbili kasoro, nikakaa kwenye kiti chako barazani. Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi. Bodaboda mbili zimepita. Ukungu ulikuwepo. Nimeisikia, taarifa ya habari yote, na wimbo mmoja baada ya hapo. Mama yako naye kaisikia. Nilipomuuliza kama huwa anaisikia, akasema ipi?

#51 Nipo Mbagala, saa 2:30

Mama Kihamba, jani limefika. Kalipokea.

#52 Mama Kihamba, saa 2:34

Mungu ni mwema. Mpigie tena Mwaka Mpya, usisubiri yeye.

#53 Fundi Sauti, saa 2:50

Mama shikamoo. Ule ukungu ulikuwa umelala chini bondeni, au ulikuwa juu ya migomba? Ni mambo mawili tofauti kabisa.